Stoo ya Chakula ni Amana

Chakula kikishaingia ndani ya nyumba, aliyekinunua hana tena haki ya kukiita chake peke yake. Gunia la mahindi lililolazwa juu ya chaga, ndoo ya mchele, dumu la mafuta, maharage, dagaa waliokauka vizuri, chumvi na sukari ya mwezi mzima, vyote hivyo ni riziki ya kila anayelala chini ya paa lile, akiwamo mtoto asiyejua bei ya kitu na dada wa kazi aliyetoka kwao mbali. Anayeshika ufunguo wa stoo ameshika amana ya watu. Nalisema hili mapema kwa sababu magomvi mengi ya chakula ninayoletewa hayatokani na uhaba. Yanatokana na mtu mmoja kuamua peke yake juu ya matumbo ya wenzake.

Nianze na vijijini, maana huko kosa hili huumiza zaidi. Kwenye maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, mahindi huvunwa kuanzia Mei. Hapo ndipo malori yanapoingia. Bei huwa chini kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa kuwa kila mtu ana mahindi na kila mtu ana deni: ada ya shule, mbolea ya mkopo, mchango wa harusi. Baba anaita wachuuzi, magunia yanajazwa lumbesa na kushonwa, yanapakiwa, fedha zinaingia mfuko mmoja. Ikifika Januari nyumba ileile iko dukani inanunua unga kwa kilo, kwa bei iliyopandishwa na walewale waliobeba mahindi yake. Mama ndiye anayetumwa kukopa, na mama ndiye watoto wanayemwuliza jioni kwa nini uji hauna kitu.

Hesabu ya chakula haihitaji elimu kubwa. Nyumba inayosonga unga wa kilo 2 kwa siku inatumia kilo 730 kwa mwaka. Hayo ni magunia 7 ya kilo 100 na debe moja na ushee juu yake, kabla hujahesabu wageni, msiba na chakula cha kuku. Ukipenda sembe badala ya dona, ongeza, maana kinu kinachokoboa kinaondoka na sehemu ya mahindi yako. Hesabu hii ifanyike kabla lori halijapiga honi, tena mbele ya mama, vijana wakubwa na bibi kama yupo. Chakula cha mwaka kipimwe, kiwekwe kando, kijulikane na wote. Kinachobaki ndicho cha kuuza, na hapo baba auze kwa amani bila kusemwa nyuma ya mgongo wake. Yapo madeni yasiyosubiri, nakubali. Ikilazimu kugusa gunia la chakula, wote wajue limeuzwa lipi, kwa ajili ya nini, na litarudishwaje.

Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, alimwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) akamweleza kuwa mumewe ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na watoto wake. Jibu alilopata, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Sisi wanaume tunaisikia Hadithi hii na kuipita haraka. Hind hakuruhusiwa kufuja, na hilo liko wazi katika kile kipimo cha wema. Lakini hakuambiwa asubiri moyo wa mumewe ulainike. Tumbo la mke na la mtoto lina haki katika mali ya baba, apende asipende.

Tena kushika stoo kunataka ujuzi, wala nia njema haitoshi. Nabii Yusuf, ambaye Waislamu na Wakristo wote tunamjua kwa ghala zake za Misri, alipoomba katika Qurani awekwe juu ya hazina za nchi alijitaja kwa sifa mbili tu, kwamba ni mlinzi na ni mjuzi. Hakutaja uzuri wake wala ukoo wake. Na aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake, isipokuwa ile kidogo ya kula. Ulikuwa ujuzi wa nchi ile na wadudu wa wakati ule. Kwetu hali ni tofauti, na anayeiga bila kujua anaweza kupoteza kila kitu. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika na kuingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anapenda sana mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Mtaalamu yeyote wa kilimo atakwambia uyapukuchue mapema. Gunia lililoingiliwa na dumuzi linaonekana zima kwa nje. Ukilinyanyua ni jepesi, na ukilifungua punje zimetobolewa kotekote, vumbi la unga limejaa chini.

Msomaji wangu, usione haya kujifunza mambo haya ukubwani. Kabla ya kufunga mahindi, yaanike juu ya turubai, yasiguse udongo, kisha uyapime. Njia rahisi ni ya chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, uiache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikibaki chini bila kushika, yako tayari. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki kwa ndani na mmoja wa kufuma kwa nje, ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Ukiifunga vizuri hewa inakwisha ndani na wadudu wanakufa bila dawa. Ila ukifungia humo mahindi mabichi umefungia sumu.

Na hapa naomba unisome taratibu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wakenya walikuwa wamepata msiba mkubwa zaidi 2004, hasa Makueni na Kitui, ambako waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zisizokauka, na huharibu ini. Kupika hakuiondoi. Kusaga hakuiondoi, kunaificha tu, kwa sababu punje yenye ukungu ikishakuwa unga hakuna jicho linaloweza kuichambua tena. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu inapita hadi kwenye maziwa.

Sasa angalia tabia zetu. Mahindi yakiota ukungu, mwenye stoo anayatazama, anaona uchungu kuyatupa, halafu anamkumbuka jirani mjane. Anamwita, anampa debe zima, na jirani anaondoka akishukuru kwa magoti. Au anayauza mashineni kwa bei ya chini, anajua kabisa yatachanganywa. Huyu wa pili ni mwuzaji wa sumu. Wa kwanza namwonea huruma kidogo, kwa sababu pengine anadhani ametoa sadaka. Hajatoa. Suratul Baqara imetukataza kukusudia kibaya tukitoe, kile ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kama hupiki mahindi hayo kwa ajili ya mwanao, yachome au yafukie, na ukitaka kumsaidia mjane, pima katika gunia unalokula wewe.

Kuna jambo dogo linalofuatana na hilo. Nyumba nyingi zina desturi ya kuanza kula kilichoanza kuharibika ili kisipotee. Inaonekana ni busara. Matokeo yake ni kwamba wiki ile mnakula maharage yaliyobunguliwa, na maharage mazuri yanasubiri zamu yake mpaka nayo yabunguliwe. Mwaka mzima watoto hawaonji kitu kizima ingawa stoo haijawahi kuwa tupu. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, kingali kizuri. Panga magunia na mikebe kwa tarehe, mpya nyuma, ya zamani mbele, na kila mwezi mtu mmoja aingie mle ndani na taa, afungue, anuse, aguse. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanawasihi watu waweke, na walikuwa sahihi, lakini aliyeweka asilale usingizi kwa kuitegemea methali.

Mjini kosa huja kwa sura nyingine. Nimeingia katika jiko la watu ninaowaheshimu nikakuta kabati lina kufuli, na nje yake chupa ya mafuta ya kula imechorwa mistari ya kalamu ubavuni. Mstari wa jana uko juu, wa leo uko chini yake kwa upana wa kidole, ili mama mwenye nyumba akirudi kazini ajue dada ametumia kiasi gani. Mayai yamehesabiwa. Sukari imesawazishwa juu kwa kijiko na kuandikwa herufi moja, ikiguswa ijulikane. Na msichana anayelindwa hivyo ndiye anayeachiwa mtoto mchanga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua linazama. Mwanao umemwamini kwake, kijiko cha sukari hujamwamini! Mtu anayetendewa hivi kila siku hujifunza mambo mawili: kwamba hapa si kwao, na kwamba hata asipoiba atahesabiwa mwizi. La pili ndilo linalomfanya aanze kuiba.

Nakushauri hivi, mama. Mwisho wa mwezi ukirudi sokoni, panga vitu pamoja naye. Mwonyeshe mchele ni kilo ngapi na unatakiwa kufika lini. Mkabidhi daftari aandike kinachokaribia kwisha. Ale chakula kilekile mnachokula, sahani yake ipakuliwe wakati sahani zenu zinapakuliwa, asingoje makombo. Binti mdogo akionja kipande cha nyama jikoni, amefanya kile ulichokifanya wewe ulipokuwa jikoni kwa mama yako. Akiiba kweli, vitu vikatoka nje ya nyumba, zungumza naye ana kwa ana, na ikishindikana mlipe haki zake zote aende. Usimweke ndani mwaka mzima kama mtuhumiwa. Nanyi akina baba msijitoe katika hili, maana mara nyingi kufuli lile limewekwa kwa sababu pesa ya matumizi inatolewa kwa masimango na mama anaogopa kuulizwa.

Wapo wanaoniuliza kama kujaza stoo si sawa na kuficha bidhaa. Swali hili lina historia nchini mwetu. Watu wa umri wangu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za maduka ya kaya, sabuni ya kugawana vipande, na unga wa yanga uliotokana na mahindi ya njano kutoka nje. Ilipoanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu walitupa usiku vitu walivyokuwa navyo ndani. Kati yao walikuwapo walanguzi hasa, waliokuwa wakiwakamua wenzao. Na walikuwapo wengine waliokuwa na sukari ya shughuli ya binti yao tu. Hofu ilipoingia haikuwatenganisha.

Mimi ninatenganisha kwa kipimo kimoja. Hesabu midomo ya nyumbani mwako, hesabu na siku zilizobaki kufikia mavuno au mshahara mwingine, ongeza sehemu ya mgeni na ya dharura. Mpaka hapo unaweka akiba, na ni wajibu wako. Ukipita hapo kwa kitu ambacho wenzako wanakitafuta, umeanza kula fungu lao. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipokwamisha ukataji na usafirishaji wa miwa, kilo ya sukari ilipita Sh4,000 sehemu nyingi nchini na Serikali ikabidi itangaze bei elekezi. Aliyebeba kilo 20 siku ile kwa sababu gari lake lina nafasi hakuvunja sheria yoyote ninayoijua. Lakini mama anayeuza chai na vitumbua barazani, aliyefika dukani baada yake, alikosa mtaji wa kesho. Kitu kikiadimika, nunua kama ulivyozoea au pungufu ya hapo. Stoo hujazwa wakati wa wingi. Hata ndugu zangu wanaojiandaa na Ramadhani, tende, tambi, sukari na unga wa ngano wangeanza kuvinunua kidogokidogo tangu Rajabu, badala ya kugombea wote katika wiki ya mwisho ya Shaabani na kuwapandishia bei wasio na kitu.

Lipo jingine ambalo linanikera kuliko yote, na ni kukopesha njaa. Februari, mwenye ghala anampa jirani gunia moja, kwa sharti la kurudishiwa magunia mawili mavuno yakitoka. Kagera kwenye kahawa mtindo wa jamii hiyo wanauita butura, mazao yanauzwa yakingali mtini kwa bei ya mwenye shida. Utasikia mkopeshaji akijitetea kwamba hakumlazimisha mtu, na kwamba Februari bei ya gunia iko juu. Njaa ndiyo iliyomlazimisha, ndugu yangu, na wewe ulikuwa unajua. Jirani huyo akilipa magunia mawili Julai, Februari nyingine atakuwa mlangoni kwako tena, na mwisho utamchukulia shamba. Kama huwezi kumpa bure, mpe gunia kwa gunia. Kama hata hilo huliwezi, mwambie hapana kwa maneno mazuri na umwache na heshima yake.

Na kutoa kuna adabu yake. Mtoto wa jirani akitumwa kuomba kibaba cha unga, usimhoji mama yake jana alipika nini. Usimpe kwenye bakuli wazi apite nalo mbele ya baraza la wanaume. Funga kwenye mfuko, changanya na kitu kingine, mchicha au nyanya mbili, arudi kama aliyetumwa na shangazi yake. Ukipita kwake kesho, usiuzungumzie unga.

Asiye na chumba cha stoo asidhani nasaha hii haimhusu. Ndoo moja yenye mfuniko chini ya kitanda inatosha kuanzia. Mwenye ujira wa siku anapimiwa mafuta kila jioni kwenye kifuko, na kwa kawaida kila lita inamgharimu zaidi kuliko anayenunua dumu. Umaskini unamtoza mara mbili. Ndiyo maana nawapenda wale akina mama wanaochangishana kila wiki, wakafungua kibubu kabla ya Idi au Krismasi na kugawana mchele, mafuta, sukari na unga walionunua kwa jumla. Wanaume, msiwacheke, wala msikope fedha ya kikundi kwa mgongo wa wake zenu. Nanyi mliopewa kutunza fedha hizo, daftari liwe wazi kila mkikutana. Kikundi kikishavunjika kwa sababu ya mtunza fedha mmoja, itachukua miaka watu waaminiane tena.

Wazee wetu nao wana stoo zao, nazo zinahitaji subira ya peke yake. Mama wa miaka 75 na zaidi aliuona ukame wa 1973 na 1974 akiwa kijana, kisha akasimama kwenye zile foleni na mtoto mgongoni. Leo anaishi kwa mwanawe, friji limejaa, na bado anaweka sukari chini ya mto, mkate ndani ya kanga, karanga kwenye mkebe nyuma ya kitanda. Wajukuu wanacheka. Mkwe analalamikia mende, siku moja anaingia na fagio na kutupa kila kitu mbele ya macho yake. Mama halii, ila chakula hakipandi tena siku mbili. Usifanye hivyo. Mpe sanduku lake au ndoo yake yenye mfuniko, ndani ya chumba chake, na umwombe awe ndiye anayewagawia watoto karanga na tende wakitoka shule. Kila baada ya wiki kaa naye mkague pamoja. Mkate wa jana ubadilishwe na wa leo, bila hotuba. Karanga zenye ukungu usizifumbie macho kwa kumwonea haya, ziondoe na umweleze kuhusu ini na sumukuvu, atakuelewa, kwa sababu katika maisha yake amezika watu waliokufa kwa kukosa kujua. Na zile ulizoziondoa, mletee nyingine nzuri za kiasi kilekile siku hiyohiyo.